Bunduki ya Upande wa Kushoto

Nilicheka. Naanza na hilo kwa sababu nikilichelewesha nitatafuta njia ya kulizunguka. Tulikuwa watu watano barazani, mezani kulikuwa na bunduki tatu, na mmoja wetu alikuwa ameniamini mimi peke yangu. Nikacheka ili wale wengine wanione mtu wa maana. Mpaka leo jambo hilo likinijia nikiwa shambani nasimamisha jembe na kugeuza uso pembeni, ingawa mahindi hayana macho.

Mimi ni Mrundi, nakaa Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, huku Uganda. Nalima kipande nilichopewa, nauza kidogo, tunakula kilichobaki. Bunduki hapa siigusi na sina ruhusa ya kuigusa, na hilo ni sawa kabisa, maana wengi wetu ndiyo tuliyoikimbia. Lakini wazazi wangu nao waliwahi kukimbia kabla yangu. Nikazaliwa na kukulia upande wa Tanzania, na nilipokuwa kijana nilipata kazi katika kambi ya wawindaji wa kitalii, huko kwenye mapori ya magharibi. Nilifanya miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kubeba bunduki ya mgeni, kumkabidhi akiihitaji, na kuisafisha jioni. Nilijifunza mengi kwa kutazama, lakini nilikuwa mbebaji.

Tatizo langu ni mdomo. Pale senta, kwenye maduka, kuna kinyozi, na kwa kinyozi kuna benchi, na kwenye benchi lile kila mtu alikuwa kitu fulani kabla ya kuwa mkimbizi. Mmoja alikuwa mwalimu mkuu. Mwingine alikuwa na malori. Mwaka wa kwanza nilisema nilibeba bunduki. Mwaka wa tatu nilikuwa fundi wa bunduki. Kufikia wakati ninaousimulia hapa nilikuwa nimewafundisha Wazungu kulenga, na wawili kati yao walilia siku ya kuagana nami. Hakuna aliyenibishia, maana na mimi ningeyabishia malori.

Haji alinisikia pale benchi. Ni mfanyabiashara wa Mbarara, Mwislamu, mtu mzima wa makamo, anayenunua mahindi na maharage yetu na kuyapakia kwenye pikapu yake. Nitamwita Haji tu, kama anavyoitwa na kila mtu. Alikulia katika kambi ya jeshi ya Makenke, baba yake alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili chake ni kile cha jeshi, kifupi, kinachokwenda moja kwa moja. Siku ile alikuwa akinyolewa, povu bado liko shingoni, akageuka na kuniuliza:

"Mzee, wewe kweli unajua bunduki?"

"Haji, niulize siku niliyozaliwa, hiyo sijui. Bunduki najua."

Watu wakacheka, na mimi nikavimba kichwa.

Akanieleza shida yake. Ana shamba upande wa Ngarama. Kibali chake cha polisi kilikuwa kimetoka baada ya kungoja sana. Alikuwa amejiunga na wenzake wawili wenye mashamba, ambao Jumapili hulenga shabaha kwenye kilima cha mmoja wao, na mara moja moja huenda kuwinda kwa leseni, askari wa wanyamapori akiwa pamoja nao. Wenzake walikuwa na bunduki zao. Yeye bado.

"Mimi nataka moja," alisema. "Ya kupiga shabaha mbali, na ya kuwinda. Bunduki moja, kazi mbili. Lakini sikia, mzee. Mimi sitaki mnyama apate taabu. Nikipiga, akufe hapo hapo. Kama hajakufa, nipige ingine mara moja. Mnyama akienda na kidonda yangu, mimi nitasema nini mbele ya Mungu?"

Nikamwambia aniachie mimi. Kumbuka maneno yake hayo, maana ndiyo aliyonikabidhi, na hakunikabidhi kingine.

Kabla ya kwenda kuona bunduki nilimwomba anipeleke shambani kwake. Kule kambini mkuu wetu wa uwindaji alinifundisha jambo moja: mgeni akifika, usimwulize anatumia mkono gani wala jicho gani, kwa sababu atakujibu vile anavyotaka aonekane. Mpe fimbo ghafla, umwambie kuna nyani juu ya ule mti. Mwili utajibu wenyewe.

Basi tulipokuwa tunatembea kando ya migomba yake nikamtupia fimbo yangu. "Haji, nyani!" Fimbo ikaenda begani kwake kabla sijafunga mdomo. Bega la kushoto. Shavu la kushoto likaegemea fimbo, jicho la kulia likafumba, kidole cha kushoto kikajikunja pale ambapo triga ingekuwa. Alisimama vizuri sana, imara, nimeona wageni wengi wasiofikia nusu yake. Kisha akakumbuka kwamba nipo. Akaihamishia fimbo bega la kulia, akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu, nikasema, "Amekimbia yule," tukaendelea na safari. Hatukulizungumza.

Lazima nieleze kwa nini. Kwetu, na kwao, na kwa kila jirani ninayemjua hapa Nakivale, mkono wa kushoto hauna heshima. Haupokei, hautoi, hausalimu, haugusi chakula cha watu. Sisi Warundi tukimpa mtu mzima kitu tunatoa kwa kulia, na kushoto kunashika kiwiko cha kulia, ili kila mtu aone kuwa kumekaa mahali pake. Mtoto anayetumia kushoto hurekebishwa mapema. Haji naye alirekebishwa. Nilikuja kuona kwamba anaandika kwa kulia polepole sana, herufi moja moja, na ule mkono mwingine muda wote anauweka katika mfuko wa kanzu.

Na nyumbani kwangu alikuwepo wa kurekebishwa pia. Kitinda mimba wangu ni msichana, wakati ule alikuwa na miaka minane, na kila kitu alikishika kwa kushoto: kijiko, penseli, ufagio. Nilikuwa nampiga vidole kwa mwiko wakati wa chakula. Si sana, nilijiambia. Mke wangu ni Mkongomani, tulikutana hapa hapa makazini, naye jambo hili hakulipenda tangu mwanzo.

"Unamupiga juu ya nini?" aliniuliza kila mara. "Ile mukono iliiba nini?"

"Namfundisha adabu."

"Adabu iko fasi ingine. Haiko ku vidole."

Sikumsikiliza. Baba yangu alinipiga kwa mambo madogo kuliko hayo, na nikawa nilivyo. Leo nikisoma sentensi hiyo naona ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Aliyekuwa anauza bunduki alikaa Ruti, pembezoni mwa Mbarara. Ni mzee aliyeongoza watalii wa uwindaji miaka mingi, sasa magoti yamemkataa, anauza vitu vyake kwa utaratibu, karatasi zote za polisi ziko mezani ndani ya plastiki. Barazani alitandika blanketi juu ya meza na kuziweka tatu sambamba. Haji alikuja na wale wenzake wawili. Mimi nilikuwa nimevaa koti la kanisani.

Zote zilikuwa bunduki za bolti, zile ambazo baada ya kila risasi unashika mpini mdogo wa chuma, unaunyanyua, unauvuta nyuma ganda litoke, unausukuma mbele risasi nyingine iingie. Ni bunduki ya mtu mvumilivu. Haimwagi risasi ovyo, ila ukiijua mkono unakwenda wenyewe na jicho halitoki kwenye darubini.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi, mtutu mwembamba, mbao za kitako zinang'aa. Ni nzuri ya kutembea nayo kutwa. Lakini mtutu mwembamba ukipata moto risasi zinaanza kutawanyika, kwa hiyo kwenye shabaha ya mbali, baada ya risasi nne au tano, utaanza kujilaumu bure. Ya pili ilikuwa na mtutu mnene, nzito, ya kulalia chini kwenye mkeka na kulenga mbali mpaka uchoke. Ukiibeba porini, saa sita utakuwa umeichukia. Ya tatu ilikuwa katikati. Mtutu wa wastani, triga laini isiyoshtua, uzito unaokaa mkononi bila kuvuta bega. Darubini yake ilikuwa safi. Nilipoichungulia kwa ndani mifereji ya mtutu ilikuwa bado na makali. Hiyo ndiyo Haji aliyoieleza kwa kinyozi, bunduki moja ya kazi mbili, ilikuwa kama mtu ameitengeneza akimsikiliza.

Ila mpini wa bolti ulikuwa upande wa kushoto.

"Ile ya mwisho ni ya mgeni wangu mmoja wa zamani," mzee alieleza. "Yeye alikuwa anapiga kwa kushoto. Aliniachia alipozeeka. Watu wanaiangalia, wanaiacha."

Haji alizishika mbili za kwanza kwa heshima, mikono yote miwili, akazirudisha. Alipofika kwa ya tatu hakuinyanyua. Alitoa mkono wa kushoto mfukoni, akaweka ncha za vidole juu ya ule mpini, akaunyanyua kidogo, ukanyanyuka bila sauti. Nilimwona uso. Alikuwa kama mtu aliyekuta kiti cha kimo chake baada ya kukaa maisha yote kwenye viti vya wengine.

Mimi nilikuwa mtaalamu aliyeletwa. Tangu tufike nilikuwa sijapata nafasi ya kung'ara, kwa sababu yule mzee alijua kila kitu na alikuwa anakieleza vizuri kuliko mimi. Wale wenzake Haji walimsikiliza yeye. Mmoja akaniuliza kwa upole, "Na wewe fundi, hiyo unaionaje?" Wote wakanigeukia. Ndipo mdomo ukafunguka.

"Hii? Hii muiachie mwenyewe. Ukimpiga swala kwa kushoto atakasirika, atasema huyu hata salamu hakufundishwa kwao! Nani mwenye akili zake ataishika bunduki kwa mkono wa chooni?"

Nikacheka, wa kwanza mimi. Wale wawili wakacheka sana, mmoja akanipiga bega. Mzee mwenye bunduki akatabasamu kidogo, kwa adabu ya mwenye nyumba. Vidole vya Haji vikatoka kwenye mpini, mkono ukarudi katika mfuko wa kanzu. Alikuwa anatabasamu naye. Nimewaza sana juu ya tabasamu lile. Ni la mtu mwenye mazoezi.

"Sasa, mzee," akaniuliza, "wewe unasema gani?"

Nilijua. Naomba mtu asinitetee kwa kusema sikujua, kwa sababu mke wangu alijaribu nikamkatalia. Nilikuwa nimeiona fimbo begani mwake. Nilijua ya tatu ndiyo bora, hata kwa mtu wa kulia ningesita kumchagulia nyingine. Lakini nilikuwa nimeshaicheka mbele ya watu, na kuisifu sasa kulikuwa ni kujimwagia maji mwenyewe.

"Ya kwanza, Haji," nikasema. "Nyepesi, nzuri, haina maneno."

"Kale," akasema. Kwao neno hilo ni sawa, basi. Akaichukua ya kwanza.

Jumapili zilizofuata alikuja kunichukua Kashojwa mara tatu ili nimsaidie kwenye shabaha. Kilimani wenzake wakiwepo, aliiweka bunduki bega la kulia. Jicho lake lenye nguvu ni la kushoto, kwa hiyo alilifumba kwa kulibana mpaka shavu lote likakunjamana, akalenga kwa jicho ambalo halikuwa na kazi hiyo. Kwenye hatua mia moja alipata ubao. Kwenye hatua mia tatu alipata udongo. Wenzake walimtania kwa upendo, kwamba shamba lake limepata mtu wa kulima kwa risasi. Mimi nilipiga magoti pembeni, nikakaza na kulegeza skurubu za darubini ambazo hazikuwa na kosa lolote, nikisema, "Utaizoea, Haji. Bunduki ni kama mke, inataka muda." Nilisema maneno ya namna hiyo mengi. Nikiyakumbuka mwili unawasha.

Kisha tukaenda kuwinda. Leseni ilikuwa ya swala pala mmoja. Tulikwenda asubuhi, sisi wawili na askari wa wanyamapori aliyepangwa kutuongoza, kwenye eneo lililoruhusiwa. Kabla ya saa nne tulimkuta dume amesimama kando ya kichaka cha miiba, ubavu wake wote wazi, hatua kama mia na hamsini, jua liko nyuma yetu. Kwa kweli mnyama hawezi kusimama vizuri zaidi ya hapo.

Haji akasema bismillahi kwa sauti ya chini. Kwa kuwa wenzake hawakuwepo, au kwa kuwa mwili ulimtangulia, bunduki ikaenda bega la kushoto. Akapiga. Risasi ilipita nyuma kidogo ya bega la mnyama, ikaingia tumboni. Swala akaruka, akakimbia hatua chache kwa kuchechemea, kisha akasimama. Alisimama. Sikuwahi kuona bahati kama ile. Alikuwa ametugeuzia ubavu, kichwa kimeinama, anangoja ile risasi ya pili ambayo Haji aliniomba siku ya kwanza kabisa.

Mkono wa kushoto wa Haji ukaacha triga ukaenda kutafuta mpini. Ukaenda upande wake wenyewe, upande wa kushoto, kwa haraka na bila wasiwasi, na hapakuwa na kitu. Ukapapasa chuma kitupu. Ukarudi, ukapanda juu ya darubini kuvuka upande wa pili, ukaigonga, mtutu ukainama chini, na alipoupata mpini na kuuvuta na kuusukuma na kuinua tena kichwa, swala hayupo.

Tulimfuata mpaka saa nane. Damu ilikuwa kwenye majani, nyeusi, ile ya tumbo, kisha matone, kisha tone moja moja, kisha hakuna. Tulipofika mpaka wa hifadhi askari akatusimamisha, akasema huko hatuna ruhusa, yeye ataripoti kwa wenzake wamtafute. Haji alikaa chini kwenye vumbi na kanzu yake. Alikuwa akisema astaghfirullah, si kwa kuonyesha, alikuwa anaisema kama mtu anayehema.

"Upepo, Haji," nikamwambia. "Ni upepo umekuharibia."

Askari alinitazama, akatazama majani. Halikuwa likitikisika hata moja.

Siku zile nilikula kidogo. Mke wangu alipoona nimekaa tu akanibana mpaka nikamweleza yote: fimbo, barazani, mkono wa chooni, swala.

"Nenda umuambie," akasema. "Ile ingine bunduki ingali kule?"

Sikujua. Nikafunga safari mpaka Mbarara. Kwanza nilipitia Ruti, nikamwuliza yule mzee kwa ujanja kama ile ya tatu bado ipo. Ipo, akasema, na Haji akitaka kubadilisha, yeye hana neno, karatasi zitaandikwa upya. Nikashukuru Mungu njia nzima. Sentensi nilikuwa nayo tayari, fupi kabisa: Haji, nilikosea, ya kwako ni ile ya tatu.

Nikamkuta dukani. Alinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili, akaagiza chai, akauliza mahindi, akauliza watoto. Wateja waliingia wakatoka. Kila nilipofungua mdomo niliona ule mkono ukirudi mfukoni, na nilijua kwamba ili niseme bunduki ile ni yake lazima nikubali nilivyouita mkono wake mbele ya rafiki zake. Chai ikaisha. Akanitazama moja kwa moja.

"Mzee, hakuna kitu unataka kuniambia?"

"Hapana, Haji. Nimekuja kukusalimu tu."

"Kale," akasema.

Nikarudi Kashojwa. Mke wangu aliniona usoni nikiwa bado mlangoni, akarudi kwenye sufuria yake. Mwezi haukuisha nikasikia kwamba mtu mwenye shamba mbali huko kaskazini alifika Ruti, akaishika ile bunduki kwa kushoto bila kuona haya yoyote, akaondoka nayo.

Kilichobaki ni siku ya komunyo ya kwanza ya binti yangu. Sisi ni Wakatoliki, na siku hiyo hata mtu asiye na kitu hufanya karamu. Nilimwalika Haji nikidhani hatakuja, na alikuja, baada ya misa, na katoni ya soda kwenye pikapu. Kuku wa karamu tulikuwa tumempeleka kwa jirani yetu Msomali amchinje kwa namna ya dini yao, ili mgeni huyo akija ale bila wasiwasi. Watu walijaa uani. Binti yangu alivaa gauni jeupe la kuazima, na alikuwa na furaha iliyomfanya asahau mambo yote, pamoja na mimi.

Mama yake akamwambia apeleke soda kwa wageni. Alianza na Haji, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mgeni mkubwa. Akachukua chupa, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa, akainyoosha. Kwa mkono wa kushoto.

Nilikuwa nimekaa karibu. Mkono wangu ulitoka peke yake. Nilimpiga vidole, pale pale, mbele ya watu wote, siku yake ya komunyo, nikasema kwa sauti, "Mkono gani huo unampa mgeni?" Chupa ikaanguka ikamwaga soda kwenye gauni. Hakulia. Aliuficha mkono nyuma ya mgongo na kutabasamu.

Lile tabasamu nilikuwa nimeliona Ruti. Lilikuwa lile lile, kwenye uso wa mtoto wangu wa miaka minane. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Haji akainama, akaokota chupa nyingine kwenye katoni, akampa mtoto ashike. Akamwambia, "Mama, anza tena. Nipe na ule mkono yako." Binti akanitazama mimi. Akautoa mkono nyuma polepole, akainyoosha chupa kwa kushoto, na Haji akatoa wake wa kushoto katika mfuko wa kanzu, mbele ya watu wote uani, akaipokea. "Asante, mama," akasema. Kisha akaihamishia mkono wa kulia, akanywa kwa kulia, maana dini yake anaishika. Mke wangu akaanza kugawa wali.

Nilimsindikiza mpaka kwenye pikapu. Hapo hatimaye sentensi yangu ikatoka, wakati haina tena kazi.

"Haji, ile ya tatu ilikuwa yako. Nilijua."

"Mimi najua wewe ulijua," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ile siku ya fimbo, wewe uliona. Ukanyamaza. Mimi nikasema, huyu mtu iko na heshima, ameficha kitu yangu. Ndiyo nikakupeleka Ruti. Unafikiri mimi sikujua ile bunduki ni yangu? Nilijua nikigusa tu. Lakini kusema mwenyewe mbele ya watu, siwezi. Toka mtoto mimi siwezi. Nilikuwa nangoja wewe, fundi, useme: Haji, chukua hii, iko bora. Basi. Hakuna mtu angeuliza kwa nini."

Ilikuwa rahisi hivyo. Nisingehitaji hata kuutaja mkono wake.

"Na pale dukani pia nilingoja," akaongeza.

"Nisamehe, Haji."

"Mimi nimesamehe, mzee. Yule swala, mimi sijui."

Akawasha gari. Mpaka leo ananunua mahindi yetu na kunisalimu vizuri. Ile bunduki nyepesi aliiuza, na hakununua nyingine. Kwa kinyozi bado naenda, ila nikiulizwa nasema nilibeba bunduki za watu, na benchi linaona nimezeeka.

Mwiko nyumbani sasa ni wa kusongea ugali tu. Binti yangu nilimwita, nikamwambia kwamba nilikosea, kwamba ashike kijiko kwa mkono anaoutaka, aandike kwa mkono anaoutaka. Aliitikia vizuri, "Ndiyo, papa." Mama yake ananiambia nikiwa sipo anaandika kwa kushoto, haraka na vizuri, mwandiko mzuri kuliko wa kaka zake. Mimi sijauona mwandiko huo ukiandikwa. Akisikia viatu vyangu mlangoni penseli inahamia mkono wa kulia, na ninapoingia ananitazama na kutabasamu.